Risala ya Klabu ya Sayansi ya Anga kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,

Kwa heshima na taadhima tunakukaribisha kwenye meza hii, ambapo kazi yetu yote imo ndani ya kisanduku chenye sentimita 10 kila upande: kielelezo cha setilaiti ya kunasa mimweko ya mionzi ya gama, yaani miale isiyoonekana kwa macho yenye nishati kubwa kuliko mwanga.

Mheshimiwa, mmweko wa gama hauna miadi. Huzuka upande wowote wa anga, ukadumu chini ya sekunde moja au dakika kadhaa, kisha ukazimika. Na kwa kuwa angahewa huizuia mionzi hiyo, anayetaka kuipokea hana budi kupanda juu. Hata ugunduzi wenyewe ulikuwa wa bahati, kwani setilaiti za Marekani za Vela, zilizonasa mmweko wa kwanza mwaka 1967, zilikuwa zikivizia majaribio ya mabomu ya nyuklia.

Kuna wanaotuuliza kisanduku hiki kitafaa nini. Jibu letu ni GRBAlpha, setilaiti ya ukubwa huuhuu iliyorushwa Machi 2021. Mmweko wa tarehe 9 Oktoba 2022 ulipokuja kwa ukali uliovilemea vigunduzi vya baadhi ya setilaiti kubwa, kigunduzi chake kidogo kiliupima bila kulemewa.

Moyo wa chombo ni fuwele ambayo, ikigongwa na mionzi ya gama, hutoa nuru hafifu inayogeuzwa na kihisi cha silikoni kuwa mpigo wa umeme. Mipigo ikiongezeka ghafla kupita kawaida, kompyuta huandika saa. Fuwele hiyo haitakiwi kuingiwa na mwanga mwingine wowote. Tunakiri kwamba siku moja tulishangilia mipigo mingi ajabu, kumbe kona ya kifungio ilikuwa imeachia na mwenzetu amefungua pazia.

Setilaiti moja pekee hutambua mwelekeo kwa shida. Zikiwa kadhaa, zimetawanyika na saa zao zinalingana, tofauti ya muda wa kupokea mmweko hubainisha ulikotoka, na darubini za ardhini zikaelekezwa huko kabla mabaki ya mwanga hayajafifia.

Mheshimiwa, kilichotukwamisha ni majaribio. Tunaomba utuombee nafasi katika maabara yenye chumba cha ombwe na meza ya mtikiso, kwa sababu hatujui kama gundi inayoshika fuwele itastahimili tetemeko la roketi.

Tunaomba kuwasilisha.