Mshale kufika sifuri si ushahidi kwamba mita ni nzima

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nizitetee multimita za zamani za mshale, vile vyombo vya kupimia volti, mkondo na ukinzani. Nyingi zinatupwa kwa sababu moja tu: eti zinadanganya kwenye omu, yaani zinapopima ukinzani. Anayeomba ushauri huambiwa abadilishe betri, agusanishe ncha za waya, azungushe kirekebisha sifuri, na mshale ukifika sifuri basi mita imepona. Ushauri huo unapoteza watu. Kirekebisha sifuri kiliwekwa kufidia betri inayochoka, lakini hufunika pia kutu, fyuzi isiyo yake na rezista iliyoungua, bila kuondoa hata kimoja. Anayetaka ukweli aangalie katikati ya skeli.

Namba iliyo katikati kabisa ya skeli ya omu, ukiizidisha na renji, ndiyo ukinzani wa ndani wa mita kwenye renji hiyo. Multimita ya Simpson 260, kwa mfano, katikati ina 12: kwenye R×1 (renji ya kuzidisha kwa 1) ni omu 12, kwenye R×100 ni 1,200, na kwenye R×10,000 ni 120,000. Kwa hiyo rezista ya omu 12 lazima isimamishe mshale katikati. Ya mara mbili yake huufikisha theluthi moja ya safari kutoka kushoto (sifuri ya omu iko kulia), na ya nusu yake theluthi mbili. Rezista mbili za omu 12 zenye usahihi wa asilimia 1 zinatosha kwa kazi yote: moja peke yake ni 12, ukiziunga mfululizo unapata 24, ukiziunga sambamba unapata 6. Mita yenye namba nyingine katikati hupimwa vivyo hivyo, kwa rezista za namba hiyo.

Tuseme sifuri imesawazishwa vizuri, kisha rezista ya 12 ikasoma 10.3. Hapo ndani kuna omu 2 zisizo na kazi. Ukinzani wa ndani umekuwa 14 badala ya 12. Wengi huamini kwamba kutu huongeza usomaji. Ukishasawazisha sifuri mambo hugeuka: usomaji hushuka, tena kwa uwiano uleule skeli nzima. Ile 24 itasoma kama 20.6, na 6 itasoma kama 5.1. Uwiano ukiwa mmoja sehemu zote tatu, tafuta ukinzani wa ziada kwenye njia ya mkondo. Ukitofautiana, mashaka yaende kwenye mshale na koili yake, yaani waya uliosokotwa unaousogeza.

R×1 ndiyo hulalamika kwanza kwa sababu ndiyo inayokula mkondo mwingi. Betri ya volti 1.5 ikigawanywa kwa omu 12 inatoa miliampea 125 ncha zikigusana. Kwenye R×100, omu 2 za kutu ni chini ya asilimia 0.2 na hakuna atakayeziona. Kwa hiyo R×1 ikikosea na R×100 ikawa sawa, anza na vibati vya betri. Betri yenyewe usiipime ikiwa haina mzigo. Iwekee rezista ya omu 12 kwa sekunde chache, kisha soma volti zake. Ikishuka chini ya 1.3, toa. Unga mweupe ulioachwa na betri ya alkalini husafishwa kwa siki kidogo kwenye kijiti cha pamba, kisha maji safi, kisha ukauke kabisa. Angalia na waya iliyolehemiwa kwenye kibati. Kutu hutambaa chini ya plastiki yake, na waya ikishakuwa ya kijani ndani hakuna kusafisha. Kata mpaka ufike kwenye shaba inayong'aa, au weka waya mpya.

Fyuzi nayo ina ukinzani wake. Ya ampea 1 huwa na sehemu ndogo ya omu, lakini mtu akiweka ya miliampea 250 kwa sababu imeenea kwenye kishikizi, anaweza kuongeza omu nzima bila kujua. Rudisha ile iliyoandikwa na mtengenezaji. Swichi ya kuzungusha isafishwe kwa spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi na kuzungushwa mara ishirini hivi kwenda na kurudi. Msasa usikaribie kabisa! Unakwangua madini ya fedha yaliyopakwa kwenye vigusio, na kutu hurudi upesi kuliko mwanzo.

Kuna ugonjwa mwingine unaofanana na huu, nao ni mbaya zaidi. Mtu akigusa umeme wa ukutani mita ikiwa kwenye omu, rezista ya R×1 huungua. Ikikatika kabisa, mita nyingi bado zitafika sifuri vizuri, lakini ile rezista ya 12 nayo itasoma karibu na sifuri. Ikiungua nusu, thamani yake hupanda na usomaji hushuka. Fungua mgongo utafute rezista iliyogeuka nyeusi au yenye ufa mwembamba kama unywele. Badala yake iwe ya asilimia 1 au bora zaidi, kwa thamani iliyo kwenye mchoro wa saketi.

Renji ya juu pekee ikikataa kufika sifuri, ni betri yake ya pili. Multimita ya AVO Model 8 hutumia ya volti 15 kwa renji hiyo. Matoleo ya baadaye ya Simpson 260 hutumia ya volti 9. Ncha zikiwa zimeachana, mshale lazima utulie kushoto kabisa. Kwenye R×10,000, ukisogea hata asilimia 1 ya skeli, kuna uvujaji wa takriban megaomu 12, kwa kawaida kupitia uchafu au unyevu wa swichi. Vidole vikishika ncha zote mbili huleta jambo hilohilo.

Kabla ya kuihukumu koili, laza mita, zima kila kitu, na uweke mshale kwenye alama ya kushoto kwa skrubu iliyo chini ya kioo. Kisha jaribu volti za DC. Zikisoma sawa, koili ni nzima. Zikisoma pungufu kwenye renji zote, tazama kwanza dayodi mbili za kinga zilizounganishwa sambamba na koili. Moja ikivuja hunyonya mkondo, ikipiga shoti kabisa mshale hausogei popote.

Na nawasihi mafundi: msipime koili hiyo kwa omu za mita ya dijitali. Koili ya maikroampea 50 inaweza kupewa miliampea 1 nzima, mara ishirini ya mkondo unaoufikisha mshale mwisho wa skeli. Tumia betri ya volti 1.5 kupitia rezista ya kilo-omu 47. Hiyo inatoa takriban maikroampea 30, na mshale usio na hitilafu unapanda bila kukwama hadi sehemu sita katika kumi za skeli.

Fundi wa vyombo vya kupimia