Vifaranga watatu hawajapona: nikome wapi kuwatibu?

Ndugu mshauri wa mifugo,

Salaam. Nina vifaranga watatu waliobaki nyuma baada ya wenzao kupona, na kila asubuhi nikifungua boksi lao najiuliza swali lile lile: bado ninawatibu, au ninawacheleweshea kifo tu? Maneno ya faraja sijayakosa, watu wa nyumbani kwangu ni wema. Ninachokosa ni dalili ninayoweza kuiona kwa macho yangu nikajua kwamba hapa basi, imetosha.

Walianza kuugua wakiwa na wiki nne hivi. Mwanzo walizubaa tu: mbawa zimeshuka, manyoya yametimka, wamejikunyata chini ya taa kana kwamba wana baridi, ilhali wenzao wamejitawanya mbali nayo kwa joto. Kisha nikaona damu kwenye maranda. Daktari wa mifugo alimpasua mmoja aliyekuwa amekufa, akanionyesha vile vifuko viwili vya mwisho wa utumbo vilivyovimba na kujaa damu iliyoganda. Akasema ni koksidiosisi, ugonjwa wa vimelea vinavyoshambulia utumbo. Tukaanza amproliamu, dawa ya vimelea hivyo, kwenye maji.

Wengi waliinuka haraka, nashukuru sana. Ila kuna jambo ningependa wafugaji wengine wanaosoma barua hii walizingatie: dawa ya kwenye maji humfikia kifaranga anayekunywa. Aliyezidiwa hanywi. Utamwona amesimama karibu na chombo, macho amefumba, ukadhani amekunywa kwa kuwa yuko hapo. Hao niliwatoa nikawanywesha maji yale yale ya dawa kwa bomba la sindano lililotolewa sindano yake, tone moja moja pembeni mwa mdomo, nikingoja ameze kwanza, kwa sababu ukimmiminia yanaingia kwenye njia ya hewa. Maranda yaliyolowa niliyazoa yote, hasa yale yanayozunguka chombo cha maji. Mayai ya vimelea hivi yanahitaji joto na unyevu ili yakomae yaweze kuambukiza, na yakivipata, siku moja au mbili zinatosha. Dawa nyingi za kusafishia banda hata haziyagusi. Kwa hiyo ukavu wa sakafu naushughulikia kama sehemu ya tiba yenyewe.

Ingekuwa ni kuhara damu peke yake nisingekuandikia. Hawa watatu kila mmoja ana lake.

Wa kwanza anakula, anakunywa na kuparua kama wengine, lakini hakui. Ukimweka kando ya ndugu zake utadhani alianguliwa baada yao. Nafikiri utumbo wake uliumia, chakula kinapita bila kumfaidi. Huyu hanipi shida sana, kwa kuwa sioni kama anateseka. Atabaki mdogo, na abaki.

Wa pili ndiye anayeninyima usingizi. Yeye hakuhara damu hata mara moja. Kinyesi chake ni cheupe, kinagandamana kwenye manyoya ya nyuma hadi tundu linaziba. Namwosha kwa maji ya vuguvugu, namkausha, namrudisha kwenye joto, na baada ya muda kimeganda tena. Najua kinyesi cheupe kinaweza kutokana na mambo mengi, pengine hata kupatwa na baridi. Lakini kinaweza pia kuwa pulorumu, ule ugonjwa wa bakteria wa jamii ya salmonela, na ugonjwa huo una tabia moja inayonitisha: kuku aliyepona anaweza kubaki nao bila kuonyesha dalili, kisha akianza kutaga akaupitisha ndani ya yai hadi kwa kifaranga. Na mimi kundi hili nalilea ili nipate matetea wa kutotoa. Hapo ndipo ninapokwama. Kwa mgonjwa mwingine yeyote ningesema maadamu anapumua na ana nafuu, tuendelee. Kwa huyu, hata akipona, kupona kwake kunaweza kuwa balaa kwa vifaranga ambao hawajaanguliwa bado. Je, ni haki kumtibu mnyama kwa bidii, kisha akishapona nimtoe kwenye kundi? Au ni heri kuamua mapema?

Wa tatu hasimami. Vidole vya miguu yote miwili vimejikunja kwa ndani, anatembea kwa kukalia viungo vya nyuma ya miguu, akichoka anaanguka ubavu. Na bado ukimsogezea chakula anakidonoa kwa hamu kuliko wote! Nilihofia mareksi, ugonjwa wa virusi unaopoozesha miguu, lakini nasikia kwamba mara nyingi huko mguu mmoja huenda mbele na mwingine nyuma, na vidole vya huyu vimejikunja sawasawa miguu yote, jambo linalonifanya nifikirie upungufu wa vitamini B2. Nimeanza kumpa vitamini za kundi B baada ya dozi ya amproliamu kumalizika. Wakati wa dozi nilikatazwa, kwa sababu dawa hiyo inafanya kazi kwa kuwanyima vimelea vitamini B1, na ukiwapa kuku vitamini hiyo kwa wingi unaipunguzia dawa nguvu. Nijuavyo, vidole vya namna hii hunyooka vikiwahiwa. Vikichelewa, mishipa ya fahamu inakuwa imeshaharibika na vitamini hazisaidii tena. Sijui nijipe muda gani kabla ya kukubali kwamba tumechelewa.

Nyumbani tumegawanyika. Mume wangu anasema tumewatendea kadiri ya uwezo wetu, sasa nguvu ziende kwa waliopona. Simlaumu, anaona jinsi ninavyoinuka usiku. Binti yangu ndiye anayemlisha yule asiyesimama, ameshampa na jina, na akisikia neno kuchinja machozi yanamlenga. Jirani mmoja aliniambia niwatoe tu nje usiku, baridi itamaliza kazi. Hilo siliwezi. Kumwachia mgonjwa baridi imuue taratibu ni kumwongezea ugonjwa juu ya ugonjwa, na mtu aliyelala ndani hawezi kujua kifo hicho kilichukua muda gani.

Kwa sasa najiongoza hivi, nawe unisahihishe. Nawapima uzito kila asubuhi kabla ya chakula kwa mizani ndogo, kwa kuwa nimegundua ninapowatazama kwa macho naona ninachokitaka. Kifaranga akishuka uzito asubuhi kadhaa mfululizo, na dozi yake imekwisha, nahesabu kwamba tiba imeshindwa. Akikataa chakula hata nikimwekea mdomoni, nahesabu hivyo hivyo. Na kwa yule wa tatu nimeweka mpaka wa ziada: vile viungo anavyokalia vikianza kuchubuka na kutoka vidonda, sitamwongezea siku, hata kama bado anakula. Hamu ya chakula peke yake haitoshi kunihakikishia kwamba haumii. Je, mipaka hii ni mikali mno, au nimeilegeza kwa sababu ya mapenzi?

Swali jingine ni la namna ya kumaliza, nalo watu hulikwepa sana. Daktari ameniambia kwamba kuvunja shingo kwa mvuto mmoja wa haraka, ukifanywa na anayejua, humwondolea kifaranga maumivu upesi, na kwamba mbawa kupigapiga baada ya hapo si dalili kwamba yu hai. Nimemwomba anifundishe kwanza kwa kifaranga aliyekwisha kufa, kwa maana sitaki mkono wangu wa kwanza usiokuwa na uzoefu uwe juu ya aliye hai. Mzoga nitauzika chini sana, mbwa wasiufukue. Kuwala hatutawala, ni wagonjwa na dawa iko mwilini. Lakini nitahakikishaje kwamba amekufa kweli kabla sijamzika? Na mtoto aliyemlea, umri wake miaka tisa, anafaa kuwepo akitaka mwenyewe, au nimwambie tu ukweli aage mapema?

Mpaka utakaponijibu, yule wa kinyesi cheupe nimemtenga chumba chake, ana vyombo vyake, na namhudumia mwisho baada ya wazima, kisha nanawa na kubadilisha viatu. Ningependa apimwe kabla sijaamua lolote. Naomba uniambie ni kipimo gani hasa niombe maabara, na kama kinawezekana kwa kifaranga aliye hai, au jibu la uhakika hupatikana kwa kumpasua tu.

Wako,
Mama mfugaji