Zile 20 za Kerry Wood

Chicago, 9 Mei

Ndugu yangu Shabani,

Salamu kwako na kwa mama. Mimi mzima, ila baridi ya huku imegoma kuondoka.

Juzi kwenye simu ulinicheka niliposema urushaji bora ninaoujua kwenye besiboli ni wa mchezo ambao mrushaji aliruhusu pigo moja, yaani mpigaji mmoja tu alifika kituoni kwa kuupiga mpira. "Moja si sifuri," ukasema, na salio likakata kabla sijajitetea. Haya, sikiliza.

Mzee mmoja ninayefanya naye kazi usiku, shabiki wa kufa wa Cubs, timu ya hapa Chicago, alinionyesha mchezo wenyewe: tarehe 6 Mei 1998, uwanjani Wrigley Field, dhidi ya Houston Astros. Kerry Wood, mrushaji wa Cubs, ana miaka 20, na ni mara yake ya tano tu kuanza mchezo ligi kuu. Mpira wake wa kwanza ukampita mdakaji, ukamgonga mwamuzi kwenye barakoa. Nikasema huyu dogo ana kiwewe. Kiwewe gani! Wapigaji watano wa mwanzo wote alikula vichwa kwa straiki: mipira mitatu mizuri ukishindwa kuipiga vizuri, uko nje.

Kasi alikuwa nayo, lakini uchawi ulikuwa kwenye ule wa kupinda. Unakuja kama unamfuata mpigaji mbavuni, jamaa anajikunyata, halafu unakata na kupita juu ya kibao kilicho mbele ya mpigaji. Straiki! Nimeurudia mmoja mara sita na bado sielewi ulipitia wapi.

Wala Astros hawakuwa vibonde: msimu ule walishinda michezo 102. Bagwell, Howell na Alou, nguzo zao katikati ya orodha, walisimama kupiga mara tisa na kutolewa kwa straiki mara tisa.

Sasa hilo pigo lako. Zamu ya tatu kati ya tisa, Ricky Gutiérrez wa Astros anapiga mpira wa kuburuza, Kevin Orie wa kituo cha tatu anaunyooshea glovu, unamgusa na kupita. Ikaandikwa pigo. Mzee hadi leo anasema lilikuwa kosa la Orie, lisingehesabiwa pigo, na ukimchokoza hapo hamlali. Mimi halinisumbui. Mchezo wa sifuri, usio na pigo hata moja, unaweza kuupata wenzako wakikudakia vizuri siku nzima. Wood katika auti 27 za mchezo mzima alichukua 20 mwenyewe kwa straiki, hakumpa mtu kituo cha bure kwa kurusha mipira mibovu minne, ingawa alimgonga Craig Biggio kwa mpira. Kabla yake ni mrushaji Roger Clemens peke yake aliyefikisha 20 katika mchezo wa zamu tisa. Derek Bell wa Astros alipoufyekelea hewa ule wa mwisho, Cubs 2, Astros 0, nilisimama sebuleni kwa watu kana kwamba ni jana.

Ila alirusha mipira 122 siku hiyo, Shabani. Msimu wa 1999 wote hakucheza, alipasuliwa kiwiko. Sisemi mchezo mmoja ndio uliomvunja, kwani mwaka 1998 alirusha sana. Nakwambia tu kwa sababu wewe umeniandikia kiwiko kinauma wiki ya tatu na huyo kocha wako anakuita mvivu. Kamwambie ukweli, na usiguse mpira wa kupinda mpaka uonwe na daktari.

Glovu nimepata, ya mkono wa kushoto kama ulivyoagiza. Dada Asha anakuja Dar mwezi wa saba, nimeshamkabidhi. Ngozi ya glovu bado ngumu, anza kuilainisha ukiwa umepumzika.

Wako,
Hamisi