Baba, huku reli haiimbiwi

Ludwigslust, Ujerumani
Jumapili, 16 Novemba 2025

Baba mpendwa, pamoja na wote mlio Kibos,

Mimi mzima, hofu ni kwenu. Barua hii nimemtumia mdogo wangu kwa simu aichapishe pale saiba, kwa hivyo najua atatafuta sehemu yake kwanza. Iko mbele. Avumilie, Baba ndiye mkubwa.

Nimechelewa kujibu kwa sababu tunafanya kazi usiku, na mchana nalala kama gunia la mahindi. Leo tumepumzika. Kuna manyunyu, na ikifika saa kumi na nusu giza litakuwa limeshaingia. Reli ya kutoka Hamburg hadi Berlin, karibu kilomita 280, imefungwa yote tangu tarehe 1 Agosti ili itengenezwe upya, na abiria wanabebwa kwa mabasi. Ungeona jinsi wanavyonung'unika! Utadhani ni stendi ya Nakuru siku ya mkesha wa Krismasi.

Uliniuliza huku watu wanaimba nini wakinyanyua reli, kama ninyi mlivyokuwa mkiimba ulipofanya kazi ya reli. Hawaimbi, Baba. Hakuna anayenyanyua. Reli inakuja kwa vipande vya mita 120, na kila mita ina kilo 60, kwa hivyo kipande kimoja kina zaidi ya tani saba. Taruma, lile gogo la kulalia reli, huku ni la zege, kama kilo 300. Nyapara wako wa Londiani, hata angepiga firimbi mpaka mashavu yapasuke, genge lote lisingelitikisa.

Kazi hiyo inafanywa na treni. Sijui nikueleze vipi ili uione. Ni treni ndefu inayotembea polepole, mbele inakanyaga reli kuukuu, nyuma inakanyaga reli mpya ambayo imeilaza yenyewe muda huo huo. Katikati imening'inia juu ya kokoto tupu, kama mtu anayevuka mto akiwa ameshika kingo zote mbili. Hapo katikati ndipo mataruma ya zamani yanang'olewa na mapya yanalazwa, moja kila sentimita 60, na juu ya mabehewa kuna winchi inayokimbia huku na huku ikileta mengine. Usiku wa kwanza nilisimama nikitazama hadi msimamizi akaniuliza kama ninaumwa.

Nyuma yake inakuja mashine ya kushindilia kokoto. Hii ndiyo ungeipenda. Unakumbuka ulivyokuwa ukirudi landhi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli kule Nakuru, mikono imevimba kwa sababu ya sululu, Mama anakuwekea maji ya chumvi? Kazi ile ile inafanywa na vidole vya chuma. Mashine inaishika reli kwa makoleo, inainyanyua kidogo, inaisogeza kulia au kushoto mpaka inyooke, halafu vidole vinazama kwenye kokoto pande zote mbili za taruma. Vinatetemeka mara 35 kwa sekunde moja, vinabana, na mawe yanasukumwa chini ya taruma. Vinanyanyuka, vinaruka mbele. Hii yetu inachukua mataruma matatu kwa mpigo. Ndani amekaa mtu mmoja mwenye skrini, anakunywa kahawa.

Lakini nikwambie kilichotokea wiki mbili zilizopita. Kipimo kimoja cha mashine kiliingia tope, kompyuta ikakataa, kila kitu kikasimama. Tukakaa kwenye baridi watu wanane, tukingoja fundi atoke mbali. Mimi nikachoka kungoja. Nikapiga magoti, nikalaza shavu karibu na reli, jicho moja nimefumba, kama ulivyonionyesha pale karibu na stesheni ya Njoro nilipokuwa darasa la nne. Nikaona mbele kidogo reli ya kushoto imebonyea. Nikawaambia. Walicheka, mmoja akanipiga picha. Fundi alipofika na kipimo chake kikasema milimita nne, mahali pale pale niliponyoosha kidole. Yule wa picha sasa ananiita "mashine ya Kenya". Mashavu yangu yalikuwa bado hayana hisia kwa baridi, lakini nilicheka.

Swali lako la jua nalo, kwamba reli ikipata joto inatanukia wapi, ni zuri, na wakufunzi wangu wangelipenda. Ninyi mliacha nafasi kati ya reli na reli, mkafunga kwa fishipleti, vile vyuma vya kuunganishia, ili chuma kipate pa kutanukia. Ndiyo maana treni ya Kisumu inasema takataka-takataka usiku kucha. Huku hakuna nafasi. Reli zote zimechomelewa, kilomita kwa kilomita, na treni inapita kama maji. Siri yake ni joto la siku ya kuifunga: reli inafungwa kwenye mataruma ikiwa na nyuzi 23 hivi, katikati ya kiangazi na baridi. Kukiwa na baridi kama sasa wanaivuta kwa mitambo mpaka ifikie urefu ambao ingekuwa nao kwenye nyuzi hizo, ndipo wanachomelea. Baada ya hapo chuma kinataka kutanuka lakini hakina pa kwenda, kimeshikwa na zege na kokoto. Kwa hivyo kokoto zikiwa chache kando ya njia, siku ya jua kali reli inaweza kupinda kama nyoka. Kumbe kelele zako zote kuhusu kokoto zilikuwa na maana.

Kuchomelea kwenyewe bado kunahitaji mikono. Unaweka chungu juu ya ufa, ndani kuna unga wa aluminiamu na kutu ya chuma. Ukiuwasha unapita nyuzi 2,000, chuma kinatiririka cheupe kama uji wa moto. Hiyo kazi nimeruhusiwa kuifanya, na naipenda kuliko zote.

Mwenzangu mmoja, mzee wa hapa aliyebakiza mwaka astaafu, haamini kwamba reli yetu ya zamani ina upana wa milimita 1,000 tu. Ya kwao ni 1,435. Aliniuliza kama treni haianguki. Nikamwambia imekuwa ikipanda Mau na kushuka hadi Kisumu tangu 1901. Nikamwongezea kwamba pale gatini mabehewa yanaingia ndani ya meli, MV Uhuru, yakavuka ziwa hadi Port Bell, Uganda. Akanyamaza, kisha akaniambia hata wao walikuwa na treni inayoingia melini kwenda Denmark, lakini iliachwa Desemba 2019. Mwisho wa mwaka huo huo ndipo MV Uhuru yetu ilirudi majini baada ya kulala miaka mingi! Nilitembea kwa maringo siku nzima.

Sasa wewe, mdogo wangu. Umeniomba pesa za skrini ya kuonyesha samaki, ile uliyoiona kwenye video ya meli za Norway. Sikukukatalia haraka. Nilipanda treni nikaenda Wismar, mji wa pwani, nikatafuta wavuvi. Nikampata mzee mwenye boti ya chuma, si kubwa sana. Ana skrini ya kusikiliza kina, ana winchi ya haidroliki ya kuvutia wavu, ana kila kitu unachokiota. Aliniwashia nione: rangi nyekundu ni sakafu ya bahari, madoa juu yake ni samaki. Siku hiyo hapakuwa na madoa.

Samaki wake mkuu wanamwita Dorsch. (Jina la Kiingereza nikiliandika kwa matamshi yetu litakuwa kodi, na Baba atadhani nazungumzia KRA, wale watoza kodi.) Waliwavua miaka mingi kupita kiasi, bahari nayo ikapata joto na hewa ikapungua kule chini. Tangu 2022 hairuhusiwi kwenda kuwavua makusudi upande huu wa Baltiki. Yule mzee anauza mikate yenye samaki wa kukaushwa kwa moshi, na samaki wenyewe ananunua kutoka Norway. Winchi yake inang'aa, ameipaka mafuta, haina kazi.

Sikuandiki ili kukuhubiria. Kwanza Ghuba la Winam halina kina. Utanunua kifaa cha bahari kuu kije kikuonyeshe tope na gugu maji. Pili, kule Dunga unakovua hujawahi kuniambia kwamba hujui omena walipo. Unalalamika wanaoza mkishawaleta nchi kavu, mvua ikipiga wakiwa wametandazwa mchangani. Kwa hivyo nimetuma shilingi 30,000 kwa simu ya Mama, si yako, usinune. Zinunue waya na mbao za chanja, zinyanyuliwe kutoka chini, na turubai la kufunika. Zikibaki, taa za sola mbili. Na kabla ya msimu kufungwa Aprili nataka picha za chanja zikiwa na omena juu yake. Injini ya boti tutaizungumzia Agosti, ukivua tena.

Mama, soksi zimefika. Jozi ya kijani naivaa juu ya nyingine mbili.

Baba, jambo la mwisho. Yule mzee wa kazini, tangu nimwambie kwamba mlikuwa mkiimba, kila usiku ananiuliza wimbo ulikuwaje. Nilijaribu nikashindwa, najua mwitikio tu, anayeanzisha alikuwa wewe. Mwambie mdogo wangu akurekodi kwa simu. Simama, shika ule mtaimbo wako ulio nyuma ya jiko, sauti ya kuimba umekaa si hiyo. Na umfukuze yule jogoo kwanza.

Binti yenu,
wa Ludwigslust