Nambari moja, sisi watatu, na hakuna aliyesema

Kwa Mhariri,

Watu huuliza mbona wanaotapeliwa kwa simu hawaendi kuripoti. Mimi ni mmoja wao, acha nijibu.

Nauza omena soko la Kibuye hapa Kisumu, tena ni mweka hazina wa chama chetu cha akina mama. Mwaka jana kijana mwenye sauti ya upole alinipigia, akaniita mama, akasema laini yangu ingefungwa mchana huo. Alinitajia majina yangu yote matatu. Nikawa nabonyeza anavyoniagiza huku nikimpimia mteja gorogoro moja. Kabla sijamrudishia mteja chenji, shilingi 18,400 za chama zilikuwa zimekwenda.

Kituoni nilifika siku hiyo hiyo. Askari wa kaunta akaniuliza mbele ya foleni nzima, "Kwani nambari ya siri ulimpa wewe mwenyewe?" Watu wakaangua kicheko. Sikungoja hata nambari ya OB, lile daftari la matukio la polisi. Na nyumbani ningemwambia nani? Katika kikao cha chama, mweka hazina aliyeibiwa na mweka hazina aliyeiba wanatazamwa kwa jicho moja. Nililipa kimyakimya kwa miezi mitano.

Sheria tunayo. Ile ya 2018 ya makosa ya kompyuta na mitandao inataja kifungo cha hadi miaka 10, au faini ya hadi shilingi milioni 20. Lakini aliyepoteza elfu mbili akipiga hesabu ya nauli ya boda na siku za kufunga kibanda, anaona heri asamehe. (Mimi sikusamehe, niliona haya tu.)

Majuzi, matangani, jirani yangu wa mitumba alininong'oneza kisa chake. Tukatoa simu tukalinganisha: nambari ile ile, tarakimu kwa tarakimu. Muuza nyanya aliyeketi nyuma yetu akasogeza kiti, akatoa yake. Watatu, soko moja, na kila mmoja alidhani mjinga ni yeye peke yake.

Naomba wakuu wa polisi watutengee chumba chenye mlango, na daftari linalopangwa kwa nambari ya tapeli, ili elfu mbili ya mmoja ikutane na elfu sita ya mwenzake.

Ile nambari sijaifuta. Juzi niliipiga kwa simu ya jirani. Ikaita, akapokea, akaniita mama.

Muuza omena,
Kibuye, Kisumu