Kwa walimu wakuu wa skuli za Mjini Unguja: madaftari ya kale msiyachome

Wanangu,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Skuli zetu zinahamia majengo mapya ya ghorofa, na mimi niliyesomesha watoto wakiwa wamekaa chini kwa kukosa madawati namshukuru Mungu. Hofu yangu ni makabati ya zamani. Siku ya kuhama stoo husafishwa harakaharaka, na madaftari ya uandikishaji na ya mahudhurio, kwa kuwa yameliwa na mchwa, huonekana takataka. Nakuombeni msiyachome.

Elimu ya Mji huu imepita mikononi mwa wengi. Wamisionari walifungua skuli Kiungani na Mbweni katika karne ya 19, kwa watoto waliokombolewa utumwani. Wahindi wakawa na yao, Euan Smith Madressa. Idara ya Elimu ya serikali ikaanza 1907, na skuli ya serikali ya wasichana 1927. Wazee wengi walisita kupeleka watoto, na wala hawakuwa wajinga: walitaka Kurani isomeshwe. Walimu wa vyuo vya Kurani walipopewa nafasi ndani ya skuli, ndipo nyoyo zilipotulia. Tarehe 23 Septemba 1964 Mzee Karume akatangaza elimu bila malipo, na skuli zilizokuwa za kabila hili na lile zikawa za kila mtoto.

Majina nayo yakabadilika. King George VI ikawa Lumumba. Chuo cha Ualimu cha Beit el Ras kikaitwa Nkrumah, na leo ni kampasi ya SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar. Anayetafuta alikosoma babu yake kwa jina la leo atapotea. Daftari la uandikishaji ndilo lenye jina la mtoto, mzazi wake, mtaa aliotoka na mwaka alioingia. Anayetaka kujua watoto wa kike wa Ng'ambo, mitaa ya nje ya Mji Mkongwe, waliingia kwa wingi lini, na nani kati yao aliachishwa ili aolewe, ataanzia hapo. Jumla zilizopelekwa wizarani hazina majina.

Basi kila skuli imteue mwalimu mmoja kabla ya kuhama. Kitabu chenye unyevu kianikwe kivulini penye upepo, si juani. Pini zenye kutu zitolewe. Msifunge kwa mfuko wa plastiki, kwani kwa unyevu wetu huu vitaota ukungu. Zungushieni karatasi safi na uzi wa pamba. Juu andikeni jina la skuli la sasa, la zamani, na miaka. Picha ziandikwe nyuma kwa penseli, na mwiteni mwalimu mstaafu awataje waliomo maadamu yuhai. Hili la picha lifanyeni kwanza, maana daftari litangoja lakini mzee hangoji.

Kisha zungumzeni na Nyaraka za Taifa pale Kilimani. Msikabidhi kitu bila ya orodha iliyotiwa saini, na nakala moja ibaki ofisini kwa mwalimu mkuu. Skuli itakayokosa watu wa kupanga iniite kupitia kamati yake. Nitakuja na wastaafu wenzangu, siku yoyote isiyokuwa Ijumaa.

Mzee wenu, mwalimu mstaafu