Risala ya Kikundi cha Wapanda Miti kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Upandaji Miti

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, Mgeni Rasmi, Mheshimiwa Diwani, viongozi wa dini, wageni waalikwa, mabibi na mabwana.

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kukufikisha salama, hasa kwa barabara yetu hii, ambayo leo hatutaizungumzia.

Kikundi kilianza mwaka 2009 kwa ndoo za kuazima. Leo tunaongoza kata nzima kwa miche bora, tuna kitalu chenye bomba na mizinga minne ya kisasa, mmoja ukiwa tayari na nyuki. Mafanikio mengine yamo kwenye kabrasha lako.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, shida yetu ni moja. Migrevilea, miti yetu ya mbao iliyo katikati ya kahawa, inaugua vidonda vya shina. Gome linapasuka, utomvu wa kahawia unachuruzika, kisha mti unakauka kuanzia kileleni. Mbao za ada ya shule zimegeuka kuni. Kwanza tuliambiwa ni ukame, halafu mchwa, halafu tukashauriwa kupiga dawa ya wadudu. Tulipiga. Wadudu walikufa, na miti ikaendelea kufa.

Wenzetu wa Kenya walipopatwa na ugonjwa wa namna hii hawakubahatisha. Utafiti uliotolewa mwaka 2011 ulionyesha vimelea vya kuvu vya jamii ya Botryosphaeriaceae, kikiwemo Neofusicoccum parvum. Vimelea hivi hujificha ndani ya mti unaoonekana mzima. Ukame ukiubana, ndipo vinaushambulia. Hata kwa hadubini ni vigumu kuvitofautisha. Lazima vioteshwe maabara, kisha vinasaba visomwe, tena zaidi ya sehemu moja, maana vingine vinafanana mno. Na sisi tunauza miche hadi kata za jirani. Bila kipimo, nani atatuhakikishia kwamba hatuuzi na ugonjwa?

Mgeni rasmi aliyepita, akiwa amesimama hapo uliposimama, aliahidi sampuli zetu zitapimwa. Makofi yalipigwa, picha zipo. Tulizipeleka. Baada ya kufuatilia sana tukajibiwa kwamba zilioza kwa kufungwa kwenye plastiki. Mifuko hiyo ya plastiki tulipewa na ofisi hiyohiyo iliyotujibu.

Safari hii tumekata pale gome bovu linapokutana na zima, tukafunga kwa karatasi. Sampuli ziko kwenye bahasha za kaki mezani pako, karibu na maji ya kunywa. Kwa heshima zote, tunaomba ziondoke leo na gari lako zifikishwe Morogoro, iwe TAFORI, taasisi ya utafiti wa misitu, au SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, halmashauri ibebe gharama, na majibu yaje kwa barua yakitaja kimelea kwa jina na kutuelekeza kama tukate na kuchoma, au tubadilishe aina ya mti.

Mheshimiwa, hatuombi mabati wala trekta. Ahadi za mdomo tunazo za kutosha, hivyo tumeandaa fomu ya makabidhiano yenye nafasi ya tarehe na sahihi yako. Kalamu iko juu ya bahasha.

Tunaomba kuwasilisha.

Katibu wa Kikundi